Mstari Shingoni mwa Mjusi

Wanangu, kila nikipita stoo ya makumbusho kuwasalimu mnaniuliza: zile picha kumi na nane za dinosaria zilizo kwenye droo ya chini, kwa nini kila mnyama ana mstari mwembamba shingoni, utadhani kafungwa uzi? Juzi mmoja wenu, sitamtaja maana mama yake ananijua, kaniambia amesikia kwamba ni ugonjwa uliowapata wanyama wa zamani. Nikasema basi, nikae niandike kabla hamjaupa ugonjwa huo jina. Mstari ule ni wangu. Nitawaeleza ulivyofika pale, ila mtanivumilia, kwa sababu mtu aliyefanya kazi ya mifupa maisha yake yote hajui kwenda moja kwa moja. Amezoea kukizunguka kitu kwa brashi kwanza.

Kazi nilijifunzia Tendaguru, huko nyuma ya Lindi, ambako Waingereza walikuwa wakichimbua mijusi mikubwa kuliko nyumba za wengi wetu. Nilitoka Bagamoyo nikiwa na ndevu tayari, nikafuata kazi ya kubeba mizigo, nikaishia mikononi mwa Fundi Chitanda. Huyu alikuwa Mmwera mfupi, mwenye viganja vikubwa na ulimi mkali, na ndiye aliyekuwa mkuu wa wafungaji mifupa. Siku ya nne akanipa mfupa wa paja niuvike plasta. Nikakoroga plasta yangu, nikachovya vipande vya gunia, nikaubandika mfupa kama mtu anayekandika ukuta. Nilikuwa nimesahau karatasi. Karatasi iliyoloweshwa hutangulia, ndipo lije gunia lenye plasta. Bila karatasi plasta inashikana na mfupa. Chitanda aliniona tangu mwanzo. Akaningoja nimalize, akanisifia mbele ya watu, plasta ikakauka, kisha akasema, "Haya, vua." Ganda likatoka na uso wote wa mfupa.

"Mnyama huyu amekaa salama ardhini tangu dunia haina watu," akasema Chitanda. "Akaja kufa mara ya pili mkononi mwa Sefu wa Bagamoyo."

Kambi nzima ilicheka mpaka adhuhuri. Tangu siku ile sijasahau karatasi, na ninyi msisahau, hata kama siku hizi mna madawa ya kupaka kwa brashi.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa la masizi. Mfupa ukipasuka unaziba ufa kwa plasta, hilo mnalijua. Chitanda alitutaka tuchanganye masizi kidogo kwenye plasta hiyo ili kiraka kionekane rangi yake. Wengine walitaka kiraka kifanane na mfupa, kazi ionekane safi. Yeye akakataa katakata. "Anayekuja baadaye lazima ajue kipi cha mnyama na kipi cha Chitanda," alisema. "Usimwongezee mnyama kitu ukanyamaza." Aliweza kusamehe mtu aliyevunja mfupa. Aliyeficha kiraka alimfukuza kambini siku hiyo hiyo.

La tatu ni la kulamba. Mfupa uliogeuka jiwe ukiugusa kwa ulimi unanata. Jiwe la kawaida halinati. Basi mngetuona, watu wazima wenye familia, tumechutama juani tunalamba kifusi. Ulipofika mwezi wa Ramadhani nikakwama. Nikapeleka barua nyumbani kumwuliza baba mkwe wangu, Maalim Hamadi, aliyekuwa na chuo cha Kurani pale Bagamoyo, kama kulamba mnyama wa kale kunabatilisha saumu. Jibu lilikuja baada ya Idi. Alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Mwanangu, huko ulikokwenda wanakulisha nini?"

Kazi za Tendaguru zilipokwisha nikarudi kwetu, nikaandikwa kwenye shamba la mkonge upande wa Zinga. Meneja wake alikuwa Mzungu mnene mwenye jina refu, na sisi tulimwita Bwana Mkia, maana hakuna alichokipenda kama kubishana iwapo mijusi mikubwa iliburuta mikia au iliinua. Alikuwa hajawahi kuchimbua hata ukucha wa mjusi. Lakini alikuwa na vitabu, na alikuwa na chama.

Chama chenyewe kilikuwa cha wapenzi wa viumbe vya kale. Mmoja alikuwa Tanga, mmoja Pangani, wawili Morogoro, na wengine sikuwajua ila kwa miandiko yao. Waliandikiana kwa posta. Bwana Mkia alitengeneza jalada kubwa la ngozi, ndani kukiwa na picha za mijusi na habari za mawe yaliyookotwa. Jalada lilizunguka kutoka kwa huyu hadi kwa yule, kila mmoja akiandika maoni yake pembeni, kisha akilituma mbele. Likirudi kwetu lilikuwa limejaa matusi ya kistaarabu. Na Jumamosi moja ya kila mwezi wale walioweza kufika walikutana barazani kwa Bwana Mkia, wakanywa chai, wakatukanana mdomo kwa mdomo. Aliyekuja kila mara alikuwa daktari mmoja tuliyemwita Bwana Magego, ambaye kwake kila kitu kilichookotwa kilikuwa jino au kilikuwa maradhi.

Bwana Mkia aliposikia kuwa nimetoka Tendaguru, akanitoa kwenye mkonge siku za Jumamosi nikawa fundi wake wa mifupa. Siku nyingine zote za wiki nilikuwa nikipaka rangi milango ya maghala.

Niwape mfano wa elimu iliyokuwapo. Kuna siku yeye mwenyewe aliokota kitu kilichopinda, cheupe, kwenye kingo za mto Ruvu. Kikachorwa, kikaingia jaladani, kikazunguka miezi minne. Yule wa Tanga akasema ni pembe. Yule wa Pangani akasema ni ukucha, na anayesema pembe akapimwe macho. Bwana Magego akasema ni jino la mla nyama mkubwa sana, tena lilimwuma. Jumamosi moja tumekaa barazani, kitu kiko mezani kimelazwa juu ya kitambaa, akapita mzee wa Kikwere mwenye mzigo wa mkaa. Akatupa jicho, akauliza, "Kiboko huyo kafia wapi?"

Bwana Mkia akaniuliza mzee amesema nini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa furaha, akachukua kalamu, akaandika jaladani kwamba wenyeji wa mto Ruvu bado wana kumbukumbu ya mnyama huyo wa ajabu, na jina la kienyeji ni kiboko.

Haya, sasa picha.

Bwana Mkia hakuweza kuchora hata chungu. Alinitaka mimi nimchoree wanyama wakiwa hai, wana nyama na ngozi na macho. Mkono wangu ulikuwa mzuri, Chitanda alikuwa amenizoesha kuchora kila mfupa kabla haujatoka shimoni. Nilichora ya kwanza, ya mjusi mwenye shingo ndefu amesimama majini, nikaipitisha nyumbani Ijumaa kumwonyesha Maalim Hamadi kabla haijaonwa na mtu. Sikutaka asikie nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Sefu. Nasikia Mzungu anakuchorisha majoka."

"Si majoka, baba. Ni mijusi ya zamani."

Akaishika picha kwa mbali, halafu kwa karibu. "Ana roho huyu?"

"Alikuwa nayo. Wamekufa kabla ya Nabii Adamu kuumbwa."

"Nani aliyewaona?"

"Hapana mtu, baba."

"Na ngozi yake hii mliipata wapi?"

"Ngozi hatujaipata. Tumepata mifupa."

Maalim akavua miwani. "Sasa wewe unachora nini?"

Wanangu, miaka yote ya chama kile hakuna aliyeuliza swali zuri kama hilo. Maalim akanihurumia. Akasema hanikatazi riziki yangu, ila picha ya mwenye roho haifai kuachwa nzima. Niipitishie mstari shingoni, iwe imekatwa, ijulikane kwamba hicho si kiumbe, ni karatasi na wino. Nikachukua kalamu nikapitisha pale pale. Nikaona hata Chitanda angekubali. Yeye alitia masizi, mimi natia mstari.

Nikachora hivyo picha kumi na nane. Bwana Mkia hakuuona mstari. Alichokiona kwenye kila picha ni nafasi ya kona ya chini, kulia, ambapo aliweka sahihi yake. Kusema kweli hilo halikuniuma sana mwanzoni. Nilikuwa nachora mijusi badala ya kupaka milango, na nilijiona nina bahati.

Aliyeuona mstari ni yule wa Pangani. Jalada lilirudi likiwa na swali lake pembeni: mkunjo huu wa shingo ni nini, mbona unaonekana kwa wanyama wote? Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Bwana Mkia alipokuwa akilisoma. Kiingereza nilikuwa nimekiokota Tendaguru pamoja na mifupa. Angeweza kugeuka aniulize. Badala yake akanyanyua kalamu akaandika: "Nilikuwa nangoja nione ni nani atakayekuwa wa kwanza kugundua."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yule wa Tanga akaandika kwamba mkunjo ulihifadhi maji ya kiangazi. Wa Pangani akasema ulikuwa wa kuvimbisha shingo ili kumvutia jike. Wa Morogoro mmoja akasema ulimsaidia mnyama kupiga kelele, na mwenzake akauliza kelele hizo nani alizisikia, wakakosana hadi leo. Bwana Magego akaandika kurasa tatu kuthibitisha kwamba ni rovu, ule uvimbe wa shingo, na kwamba mijusi ilikufa yote kwa kukosa chumvi nzuri. Mwisho wa mwaka Bwana Mkia aliandika makala ndefu kuhusu mkunjo wa shingo, akachagua picha moja iende pamoja nayo, akaituma kwa wataalamu wa Ulaya.

Mtaniuliza, wewe ulikuwa wapi? Nilikuwepo. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza nikasema, "Bwana, ule mstari wa shingoni..." Akanijibu, "Najua, Fundi. Umenifuatisha vizuri." Mara ya pili aliniambia nilete maziwa. Mara ya tatu haikuwepo, na sababu yake nitaisema wazi, maana ndiyo aibu yangu. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa inajengwa nyumba ya makumbusho, na habari zilienea kwamba atatafutwa mtu mmoja wa kushika mifupa, kazi ya kila siku, si ya Jumamosi. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Nilikuwa nikiiota huku napaka milango. Lakini haikupatikana bila barua ya Mzungu anayekujua, na Mzungu aliyenijua alikuwa mmoja. Alikuwa ameniahidi barua. Nikanyamaza. Kila jalada lilipotoka na rovu na maji ya kiangazi, nilijua nimemwongezea mnyama kitu, na nimenyamaza.

Makala ile ilileta mgeni. Alikuwa bibi mmoja Mwingereza, mtaalamu wa mifupa, aliyefika Dar es Salaam kusaidia kuipanga nyumba mpya. Jumamosi moja akaja kwetu kwa motokaa, mrefu, viatu vimejaa vumbi, na ile picha iliyokwenda Ulaya imo mkobani mwake. Chama kizima kilijikusanya, hata wa Pangani alikuja, shingo zimebanwa tai kwenye joto lile. Mimi nilisimama karibu na mlango na sinia la vikombe, kwa sababu siku hiyo mpishi alikuwa mgonjwa.

Bibi hakugusa chai. "Mkunjo huu," akasema, "mmeuona kwenye mfupa gani?"

Bwana Mkia akakohoa. Akamtazama wa Pangani, wa Pangani akatazama dari. Hapakuwa na mfupa.

"Kwenye picha hiyo," akasema Bwana Mkia hatimaye, "huenda kuna kosa. Fundi wangu wa kienyeji ndiye aliyeinakili. Mkono wake uliteleza."

Kwa miaka yote picha zilikuwa zake. Ya kwanza kuwa yangu ni ile yenye kosa.

Yule bibi akaomba jalada. Akazitoa picha nyingine zote, akazipanga sakafuni mstari mmoja, akaiweka na ile ya mkobani. Akatembea kando yake taratibu toka mwanzo hadi mwisho.

"Mkono wake umeteleza mara kumi na nane," akasema, "mahali pale pale?"

"La, la," akasema Bwana Mkia. "Kwenye hiyo moja ni kosa. Kwenye hizi kumi na saba ni mkunjo."

Hata wa Pangani alishindwa kujizuia, akacheka. Yule bibi hakucheka. Akageuka mlangoni, akaniuliza kwa Kiswahili cha kambini, "Na wewe, fundi? Unasemaje?"

Nilikuwa na mlango wa kutokea, na Bwana Mkia alikuwa ameufungua wazi: niseme mkono uliteleza, niombe radhi, nibaki na ahadi ya barua yangu. Nilimtazama. Alikuwa ananikazia macho huku anatabasamu. Nikaiona ile nyumba ya Dar es Salaam inaondoka, na nikaona uchungu, siwafichi. Lakini nikajiuliza nitashikaje mifupa kila siku nikiwa nimeingia kwa mlango huo. Nikaweka sinia chini.

"Bibi, mistari yote ni yangu," nikasema. "Na picha zote ni zangu. Hakuna mfupa unaoonyesha mkunjo. Sisi Waislamu wa huku picha ya mwenye roho tunaikata shingo. Nilipaswa kusema tangu walipouliza. Sikusema kwa sababu natafuta kazi."

Wa Pangani akakumbuka ghafla kwamba barabara ni mbaya, akatafuta kofia yake. Bwana Magego alikuwa amekaa na kikombe kitupu mkononi, uso umemwanguka.

"Kwa hiyo," akauliza kwa sauti ndogo, "si rovu?"

"Si rovu, Bwana Daktari."

Akaniuliza kama nina hakika. Nilimwonea huruma. Zile kurasa tatu alikuwa ameziandika kwa moyo.

Yule bibi alikuwa ameinama juu ya picha, anatazama miguu ya nyuma, viungo vya magoti, jinsi uzito ulivyokaa. "Unaweza kuchora bila mstari?" akaniuliza.

"Nikichora mifupa peke yake, naweza. Mifupa haina roho."

"Na nyama?"

"Nyama hatujaipata, Bibi."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kikubwa cha mtu wa kambini. Akasema kuna maprofesa huko kwao anataka niwaandikie hayo maneno. Nilimchorea pale pale, nyuma ya bahasha, mguu wa mbele wa mmoja wa wale wanyama, mifupa mitupu, na pale ambapo hatukupata kipande niliacha wazi. Aliitazama muda mrefu, akaitia mkobani.

Ndio maana, wanangu, michoro yangu yote ya baadaye ni mifupa na nafasi tupu. Wengine mmeilalamikia kwamba haivutii watoto wa shule. Chama nacho hakikudumu baada ya hapo. Jalada lilizunguka mara moja tena likiwa na mifupa tu ndani, likarudi bila neno hata moja pembeni. Palipokosekana cha kukisia, hakuna aliyekuwa na maoni.

Lakini hiyo ni baadaye. Siku ile, barazani, yule bibi alimgeukia Bwana Mkia, akamwambia anamhitaji mtu huyu kwa nyumba ya makumbusho, na kwamba serikali haipokei mtu bila barua ya anayemfahamu. "Wewe umekaa naye miaka," akasema. "Andika sasa, nitaichukua mwenyewe."

Bwana Mkia alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Ila alikuwa anatazamwa na watu wote, na hakuwa na pa kukimbilia. Akavuta kiti, akachukua karatasi, akaandika tarehe na mahali. Kisha akaandika, huku akijisomea kwa sauti ili sote tusikie ukarimu wake, kwamba yeye anamfahamu vizuri sana mtu huyu, kwamba wamefanya kazi bega kwa bega miaka sita, na kwamba mtu huyu anaitwa.

Kalamu ikasimama. Wino ukaanza kufanya doa.

Akainua kichwa, akanitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena.

"Fundi," akasema, "hivi jina lako nani?"

"Sefu," nikamwambia. "Sefu bin Athumani bin Kombo."

Akaniomba nirudie.